Mzazi Mgonjwa na Daktari Apitaye

Wasikilizaji wangu wa pwani yote, mlioko Kismayu na visiwani, mlioko Kiunga, Faza, Kizingitini na Lamu, mlioko Mombasa, na nyinyi ndugu zetu mlio mbali, mnaotusikiliza kwa simu mkiwa kazini, karibuni katika mazungumzo.

Leo nina jambo moja tu. Wazazi wetu wanazeeka na maradhi yasiyopona. Sizungumzii malaria wala kuhara, maradhi ambayo mtu huugua, akatibiwa, akainuka. Nazungumzia sukari, presha, figo, moyo, na kiharusi kinachomwacha mtu na upande mmoja wa mwili. Maradhi haya mtu hulala nayo na kuamka nayo kwa miaka ishirini. Na yanataka kitu ambacho pwani ya Kismayu, kutoka mjini kushuka visiwa vya Koyama, Ngumi, Chovai na Chula mpaka Ras Kiamboni mpakani na Kenya, haijakaa nacho tangu mwaka 1991: daktari yule yule. Daktari aliyemwona mzazi wako mwaka jana, na ambaye inshallah atamwona mwaka ujao.

Tukumbushane njia tuliyopita, kwa sababu vijana wengi wanadhani hali hii ni ya kawaida, kwamba ndivyo ilivyo kuwa mgonjwa. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwaka 1991, vita vikaingia Kismayu, na Wabajuni, wenyeji wa visiwa hivi, wakapakia watoto na wazee kwenye mashua wakaja Kenya. Wengi walikaa kambi za Mombasa, Jomvu na kwingineko, mpaka kambi hizo zilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Wengine wakarudishwa visiwani, wengine wakapelekwa Dadaab na Kakuma, wengine wakatawanyika. Mama aliyeanzishiwa dawa za presha kambini alirudi kisiwa ambacho hakuna pa kupima presha. Basi dawa zikaisha, na hakuna aliyemuuliza.

Kismayu yenyewe ilipita mikono mingi. Na kila mkono mpya ulipokuja, madaktari walibadilika. Tarehe 28 Januari 2008 bomu la kando ya barabara mjini Kismayu liliwaua wafanyakazi watatu wa Madaktari Wasio na Mipaka, shirika tunalolijua kwa jina la MSF. Mmoja wao alikuwa daktari Mkenya, Victor Okumu. Alikuwa ametoka kwao kuja kutibu watu asiowajua, Mungu amrehemu yeye na wenzake. Agosti mwaka huo huo Al-Shabaab wakaushika mji. Novemba 2011 wakayapiga marufuku mashirika 16 katika maeneo yao, pamoja na Shirika la Afya Duniani na UNICEF. Januari 2012 ikafuata Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Majeshi ya Kenya na wenzao wa Kisomali waliingia mjini kuanzia mwisho wa Septemba 2012. Kisha Agosti 2013 MSF wakafunga shughuli zao zote Somalia baada ya miaka 22, wakisema wameshapoteza watu 16 tangu waanze. Hawakurudi nchini mpaka 2017.

Sikuwasomeeni tarehe hizi ili kuwafundisha historia. Kila tarehe niliyoitaja, hesabu mzee mmoja mwenye sukari mtaani kwako, ujiulize: siku hiyo faili lake lilikwenda wapi?

Leo Hospitali Kuu ya Kismayu inafanya kazi, na Msalaba Mwekundu umesaidia sana upande wa upasuaji na majeruhi. Watu wamepona pale ambao wangekufa njiani. Sisemi neno la kuivunjia heshima hospitali hiyo wala madaktari wake, ambao wanafanya kazi mahali wengi wetu tusingethubutu kulala. Lakini lazima tuseme lililo wazi. Misaada ya vita ina namna yake ya kuhesabu. Inamhesabu aliyepigwa risasi, inamhesabu mama anayejifungua, inamhesabu mtoto mwenye utapiamlo. Hawa wana mwanzo na mwisho: risasi imetolewa, mtoto amezaliwa, kilo zimeongezeka. Ripoti inaandikwa. Mzee mwenye sukari hana mwisho wa kuandikwa. Ukimtibu vizuri sana, matokeo yake ni kwamba mwakani yupo tena, na anataka dawa zile zile. Ni nani anatoa fedha za kitu kama hicho? Kwa miaka thelathini na zaidi, aliyezitoa ni familia.

Basi tumtazame mzee huyo. Simtaji mtu, lakini kila mmoja wenu atamtia jina. Ni mvuvi wa Chula. Amepiga mbizi tangu ujana, amefukuza kamba katika mapango ya mwamba, ametembea pekupeku juu ya matumbawe maisha yake yote. Sukari ilimwanza zamani bila yeye kujua. Alikuwa akienda haja ndogo usiku mara nyingi, akasema ni uzee. Miguu ikaanza kufa ganzi, akasema ni baridi ya maji. Halafu siku moja akakanyaga kitu mwambani, hakusikia maumivu, na hapo ndipo pabaya, kwa sababu angesikia maumivu angeangalia. Wiki ya tatu kidonda kinanuka. Sasa anapakiwa kwenye boti kwenda Kismayu, na kama ni kusi limeshika, boti haliendi. Miezi ya kusi bahari ile ya nje haina adabu, hata manahodha wakongwe huketi nyumbani. Akifika, daktari wa upasuaji anafanya alichofundishwa na anachoweza: anakata. Anamwokoa. Mzee anarudi kisiwani na mguu mmoja, na dawa za wiki mbili.

Angalieni mahali kosa lilipo. Mkono wa aliyekata haukukosea. Mguu ule ulipotea miaka sita kabla, siku ambayo hakukuwa na mtu wa kumpima sukari kwa tone la damu la ncha ya kidole, na kumwambia: baba, kila usiku angalia nyayo zako, na kama huoni vizuri mwambie mjukuu akuangalilie, na usiingie mwambani bila viatu. Maneno hayo hayahitaji mashine wala daktari bingwa. Yanahitaji mtu aliyepo.

Kwa kuwa mtu huyo hayupo, familia imekuwa ndiyo hospitali. Nendeni nyumba yoyote yenye mzazi mgonjwa, Majengo ya Kismayu au Majengo ya Mombasa, mtaletewa mfuko wa plastiki. Ndani yake mna karatasi ya Kismayu, karatasi ya Mogadishu, karatasi za Lamu, karatasi za hospitali ya Makadara kule Mombasa, picha za eksirei zilizokunjika, na maganda ya vidonge. Mfuko huo ndio faili la mzazi wako, na hakuna lingine popote duniani. Na mara nyingi karatasi zilizomo hazizungumzi zenyewe kwa zenyewe. Daktari wa mji mmoja amemwandikia mama metformini. Wa mji wa pili, hakuonyeshwa ile ya kwanza, akaandika Glucophage. Ni dawa moja hiyo, yenye majina mawili. Mama, kwa utiifu wake, anameza zote mbili asubuhi na jioni, anaumwa na tumbo, anatapika, halafu anaamua mwenyewe kwamba dawa za hospitali hazimfai. Nani wa kumlaumu?

Ndiyo maana nawaomba madaktari wetu, wa Kismayu na wa upande wa Kenya, jambo ambalo halina gharama. Andikeni kwa herufi zinazosomeka. Andikeni jina la dawa yenyewe, si la kiwanda tu. Andikeni ugonjwa ni gani, kipimo kilikuwa ngapi, na dawa ipi mmeisimamisha. Mgonjwa huyu hamtamwona tena labda, mwenzenu wa mji mwingine ndiye atakayemwona, na karatasi yenu ndiyo sauti pekee atakayoisikia. Najua mnaona watu wengi kwa siku moja na mchana unawaishia. Mistari minne tu.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni mazungumzo yenyewe ndani ya chumba cha daktari.

Mama wa kisiwani amezaliwa katika Kibajuni, ameolewa katika Kibajuni, na uchungu wake anaujua kwa Kibajuni. Kisomali wengine wanacho cha sokoni, wengine hawana. Daktari wa Kismayu anauliza kwa Kisomali. Akiletwa Kenya, daktari anauliza kwa Kiswahili cha bara kilichochanganyika na Kiingereza. Kwa hiyo anayejibu ni kijana aliyemsindikiza. Daktari anamtazama kijana, anamuuliza kijana, anamjibu kijana. Mama ameketi pembeni na buibui lake, anasemewa. Mwili ni wake, lakini mazungumzo si yake.

Na kuna mambo hayapiti kwa mtoto. Mama hawezi kumwambia mwanawe wa kiume kwamba anawashwa pale, au kwamba mkojo unamtoka akicheka, na zote hizo zaweza kuwa dalili za sukari. Baba hawezi kusema mbele ya binti yake kwamba nguvu za kiume zimekwisha, ingawa sukari na baadhi ya dawa za presha hufanya hivyo, na ni sababu kubwa ya wanaume kuacha dawa kimyakimya. Wanaulizwa, "Kuna tatizo jingine?" Wanajibu, "Hakuna, alhamdulillahi." Daktari anaandika hakuna. Heshima imelindwa, na ugonjwa nao umelindwa pamoja nayo. Ingetosha muuguzi mmoja wa kike na mmoja wa kiume wanaosikia lugha ya mgonjwa, na mlango wa kufunga. Watoto wa visiwani wakisomeshwa uuguzi, hata wanne watano tu, pwani hii itabadilika kuliko kwa jengo jipya. Nasema hivi nikijua jinsi Wabajuni wanavyohesabiwa wachache katika ugawaji wa nafasi Somalia, na jinsi nafasi za masomo zinavyotuzunguka na kwenda kwa wengine. Hilo viongozi wa Jubaland, jimbo letu la Kismayu, walisikie kutoka kwetu bila kusubiri kuulizwa.

Lakini kijana msindikizaji naye ana lake. Daktari akisema, "Figo za mama yako zimebaki kidogo sana," kijana anageuka na kumwambia mama, "Anasema utapata nafuu, upunguze chumvi." Anafanya hivyo kwa huruma, kwa mapenzi, kwa kuogopa mama asivunjike moyo. Naielewa huruma hiyo na siidharau. Hata hivyo nasema ni makosa. Mama huyu amezika watoto, amevuka bahari usiku na vita nyuma yake, amelala kambini miaka. Kweli haiwezi kumvunja zaidi ya alivyokwisha kuvunjwa. Akifichwa, atawezaje kuamua? Labda anataka kulipa deni la mtu. Labda anataka kumsamehe dada yake. Labda anataka kurudi kisiwani, akae kibarazani pake mpaka siku yake, kuliko kuzungushwa hospitali za miji asiyoijua. Tunamnyima haya yote kwa jina la kumpenda.

Na sisi wenyewe tunawaficha madaktari. Nani hapa hajampeleka mzazi kuumikwa? Nani hajamwandikia kombe, hajamnywesha habasoda, uwatu na asali? Tunafanya, kisha tukiulizwa na daktari tunakana, kwa sababu safari iliyopita mwingine alitukemea. Nataka tuwe wakweli kwa pande zote mbili. Kombe kwa mtu anayemeza vidonge vyake halimdhuru, na linatuliza moyo wake, na utulivu wa moyo una thamani kwa mtu mwenye presha. Uwatu ni jambo jingine. Uwatu unateremsha sukari. Ukiunywa pamoja na vidonge au sindano za kuteremsha sukari, mzee anaweza kupatwa na kutetemeka, jasho la baridi, maneno ya kupotea, akazimia, na familia ikasema amekumbwa na jini. Dawa yake ya haraka ni maji ya sukari, kama bado anaweza kumeza. Daktari anayekemea hataambiwa kuhusu uwatu, naye atashangaa kwa nini dozi yake inamwangusha mgonjwa. Daktari anayeuliza kwa upole ataambiwa yote.

Presha nayo ina uongo wake. Haiumi. Mtu anameza vidonge siku kichwa kinapogonga, kikitulia anaviweka. Anasema, "Presha imeshuka, nimepona." Imeshuka kwa sababu ya dawa, mama. Ukiiacha inapanda tena, taratibu, bila kupiga hodi, mpaka asubuhi moja mdomo umekwenda upande. Na chakula chetu kimo ndani ya jambo hili. Ng'onda ni riziki ya visiwa, tumelelewa nayo, tumesomeshwa nayo, lakini ni chumvi tupu. Kumwambia Mbajuni mzee aache ng'onda kabisa ni kumwambia maneno atakayoyadharau. Mwambieni airoweke usiku kucha, amwage maji mara mbili, ale kipande badala ya samaki mzima, na siku nyingine apate samaki mbichi ambaye mbele ya nyumba yake yupo tele. Hapo atawasikiliza.

Kuna habari moja njema inayotoka jirani kabisa, na nashangaa haijulikani. Wengi mnaamini kwamba sindano ya insulini bila friji ni maji tu. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye boksi: iwekwe kati ya nyuzi 2 na 8. Insulini iligunduliwa huko Toronto mwaka 1921, na kwa miaka mingi maskini wa nchi za joto wameishi na sharti hilo. Visiwani hakuna friji ya kutegemea. Kwa hiyo katika hospitali nyingi za kambi na vijiji, mgonjwa aliambiwa aje kila siku kuchomwa sindano, asubuhi na jioni, au aache. Mzee wa Chula aje kila siku Kismayu? Ndiyo kusema afe.

MSF walipima joto ndani ya nyumba za kambi ya Dagahaley, kule Dadaab, ambako watu wa Juba na Kismayu wamekaa miaka mingi. Joto lilicheza baina ya nyuzi 25 usiku na 37 mchana. Kisha wao na Chuo Kikuu cha Geneva wakaziweka insulini za aina kadhaa katika maabara, kwenye joto lile lile linalopanda na kushuka, kwa wiki nne, wakazipima. Nguvu yake haikupungua kwa namna ya kumdhuru mgonjwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Maana yake ni kwamba chupa iliyoanza kutumiwa yaweza kukaa nyumbani wiki nne, kwenye kivuli, ndani ya chombo cha udongo chenye ubaridi, mradi isiingie jua wala isiwekwe karibu na injini ya boti. Akiba ambayo haijafunguliwa, ya miezi, hiyo bado yataka friji mahali fulani, nayo yaweza kuwa Kismayu au Kiunga, ikaletwa chupa kwa chupa.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu ndani yake mna jambo kubwa kuliko joto. Madaktari walimwamini mtu wa kambini. Walimkabidhi dawa, sindano na kipimo, wakamfundisha yeye na mtu wake wa nyumbani, wakamwacha aende. Binti asiyejua kusoma anaweza kujifunza kuvuta dozi kwa kuhesabu mistari, na akafanya kila siku bila kukosea, kwa sababu ni mama yake. Nasisitiza: familia za pwani hii tayari zinafanya kazi ya uuguzi. Zinachokosa ni mafunzo na dawa.

Ramadhani pia tuisemee kweli. Wazee wetu wenye sukari wanafunga, na wengi wanafunga kwa siri, bila daktari kujua. Wanaona aibu kula mchana mbele ya wajukuu. Sheria ya dini yetu imempa mgonjwa ruhusa iliyo wazi, na asiyetarajia kupona ana fidia ya kulisha maskini. Wataalamu wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari wameandika mwongozo mzima wa Ramadhani, toleo jipya ni la 2021, unaoeleza nani anaweza kufunga na dozi igawanywe vipi baina ya futari na daku, na nani hapaswi kabisa, hasa mwenye figo mbovu na ambaye sukari yake hushuka mno mara kwa mara. Imamu wa msikiti akilisema hili kabla ya mwezi kuandama, ataokoa watu wengi kuliko daktari akilisema katikati ya mwezi.

Sasa safari ya kuvuka. Kismayu ikishindwa, njia ni mbili. Mogadishu kwa ndege, ambako Waturuki waliijenga upya ile hospitali ya zamani ya Digfer, ikafunguliwa Januari 2015 kwa jina la rais wao, Erdoğan. Au Kenya. Mpaka ulifungwa rasmi mwaka 2011. Mei 2023 serikali mbili zilitangaza kuufungua kwa awamu, na Kiunga na Ras Kiamboni zilikuwa kwenye orodha. Julai, baada ya mashambulizi, Kenya ikaahirisha. Wakubwa walikuwa na sababu zao za usalama, na sisi wa pwani tunajua mashambulizi yalivyotuumiza. Lakini mgonjwa wa figo hana awamu. Watu wa Ras Kiamboni na wa Kiunga ni ndugu wa tumbo moja, na hospitali iliyo karibu iko upande mmoja tu. Utaratibu wa kumpitisha mgonjwa mwenye barua ya daktari, na msindikizaji wake mmoja, akaandikishwa na kukaguliwa, hauwezi kuwashinda watu wanaojua kukagua kila mtumbwi wa mvuvi.

Akishafika, anaulizwa kitambulisho. Tangu Oktoba 2024 Kenya ina mfuko mpya wa bima ya afya uliochukua mahali pa NHIF. Binamu aliyezaliwa Kizingitini, upande wa Kenya, anaweza kujiandikisha. Aliyezaliwa Chula na asiye na karatasi analipa taslimu. Kuna familia zimeshikiliwa na deni mpaka mgonjwa aliyeruhusiwa anabaki kitandani, na maiti nayo inabaki. Jueni haki yenu: Septemba 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu, Nairobi, katika kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, aliamua kwamba kumzuilia mgonjwa kwa sababu ya deni ni kuvunja katiba. Deni linabaki deni, lidaiwe kwa njia zake. Mwili wa mtu si rehani.

Nimalizie kwa wana walio mbali, maana najua mnasikiliza. Wengi wenu Ulaya mna hati za ukimbizi, na hati hiyo haiwaruhusu kukanyaga Somalia. Mama anaumwa Koyama, wewe uko London, na mnaonana Mombasa mara moja ikiwa Mungu amejalia. Fedha zenu zimewaweka wazazi hai, hilo hakuna wa kulipinga. Lakini kuna kitu kinatokea katika kundi la familia la simu. Anayetuma fedha anakuwa ndiye anayeamua. Anasoma kitu mtandaoni usiku, asubuhi anaamuru dawa ibadilishwe, mama ahamishwe hospitali, apelekwe India. Na dada aliyebaki nyumbani, anayemwogesha mama, anayemgeuza usiku asipate vidonda, anayejua mama amekula vijiko vingapi jana, huyo anaambiwa, "Fanya nilivyosema." Mimi niko upande wa dada huyo. Kabla ya kutuma agizo, mwulize ameona nini. Na umtumie naye chochote kwa jina lake, kisihesabiwe kuwa ni matumizi ya mgonjwa, kwa sababu ujana wake wote unakwenda pale kitandani.

Na figo zikifika mwisho, kaeni kikao cha kweli. Kusafishwa damu kwa mashine ni mara mbili au tatu kwa wiki, kama saa nne kila mara, maisha yote. Ina maana kuhama kisiwa. Nimeona boti linauzwa, injini inauzwa, nyavu zinauzwa, na mtoto anatolewa chuo, kwa miezi michache ya mashine, halafu fedha zinakwisha na mzazi anafariki hospitalini, na wana hawana tena chombo cha kuvulia. Simwambii mtu amwache mzazi wake. Nasema daktari aulizwe waziwazi, mbele ya mzazi mwenyewe na kwa lugha yake: matibabu haya yatampa nini, kwa muda gani, na tusipoyafanya atasaidiwaje asiumie? Daktari mwema atajibu. Na mzazi akisema anataka kurudi nyumbani, hilo nalo ni jibu, na kuna dawa za maumivu na za kupumulia za kumpa huko huko.

Kusi liko njiani. Kama mzazi wako yuko kisiwani, dawa zinunuliwe za miezi mitatu sasa hivi, kabla bahari haijafunga. Zihesabiwe. Mashine ya kupimia sukari ipelekwe na vijiti vyake na betri ya akiba. Majina ya dawa yaandikwe kwenye karatasi moja, na karatasi hiyo ipigwe picha itumwe kwa watoto watatu walio mahali patatu tofauti. Na mtu mmoja wa nyumba hiyo, awe binti, awe mkwe, awe mjukuu, akae na mzee jioni chini ya taa na kumwangalia nyayo.